Mtafiti wa kike anayeanza uchumi wa takwimu: mwongozo kwa wasimamizi wa Kanda ya Ziwa

Mwongozo huu haumhusu binti mwenyewe. Yeye ameshaambiwa "jiamini" kwenye kila kongamano la Machi 8 mpaka neno lenyewe limechuja. Unakuhusu wewe uliye juu yake: mkuu wa idara kwenye chuo chenye kampasi Mwanza, mhadhiri mwandamizi mwenye mradi wa wafadhili, au meneja wa utafiti kwenye shirika lenye ofisi Isamilo au Capri Point. Chini yako yupo mkufunzi msaidizi wa kike, au msaidizi wa utafiti aliyemaliza uzamili juzijuzi. Takwimu anazijua, uzamivu anautaka, kuchapisha anataka. Moyo anao. Anachokosa ni saa, data, mtu wa kumsomea rasimu, na jina lake kukaa panapostahili. Vyote vinne viko mezani kwako, na vingi havikugharimu hata shilingi.

Hatua nimezipanga kwa mfuatano ninaoona unafaa. Lakini kama binti wako yuko Nansio muda huu na madodoso mkononi, ruka uanzie hatua ya 4.

Hatua ya 1: Hesabu saa zake

Chukua karatasi uorodheshe kazi zote za idara za muhula uliopita ambazo hazimpandishi mtu cheo. Mihutasari ya vikao. Kupokea wageni. Chai ya semina. Kamati ya mahafali, kamati ya rambirambi, ulezi wa wanafunzi wa kike. Mbele ya kila kazi andika aliyeifanya. Ukimaliza, angalia majina. Katika idara nyingi ninazozijua, wanawake wawili au watatu wamebeba nusu ya orodha, na ukiuliza kwa nini utaambiwa "dada ana mwandiko mzuri" au "yuko makini".

Mwaka 2017 Linda Babcock, Maria Recalde, Lise Vesterlund na Laurie Weingart walichapisha majaribio waliyoyafanya Marekani. Watu waliwekwa kwenye vikundi vidogo, na katika kila kikundi mmoja alitakiwa ajitolee kwa kazi ambayo wote walitaka ifanyike ila kila mtu aliomba aifanye mwenzake. Kwenye vikundi vya mchanganyiko wanawake walijitolea zaidi. Kwenye vikundi vya wanaume pekee, wanaume walijitolea vizuri tu. Yaani uwezo wanao. Wakiona mwanamke yupo, wanamsubiri.

Dawa yake ni zamu. Bandika orodha ukutani, kila kazi izunguke kwa majina yote, na usiulize "nani atajitolea?" kwenye kikao. Kisha mfungie asubuhi 2 kwa wiki ambazo hapangiwi kipindi wala kikao, na simu ya idara haimtafuti. Asubuhi, si jioni, maana jioni ana nyumba inayomsubiri, na sote tunajua nani anaulizwa habari za chakula.

Akiwa na mtoto mchanga, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Ziandike kwenye ratiba ya vipindi asilazimike kuziomba kila wiki. Ukitaka kumwongezea muda wa kufikisha machapisho, fanya hivyo kwa uangalifu. Heather Antecol, Kelly Bedard na Jenna Stearns walichunguza vyuo vikubwa vya Marekani vilivyowapa akina baba na akina mama nyongeza ileile ya muda. Matokeo yao ya 2018: wanaume waliopata ajira ya kudumu waliongezeka, wanawake wakapungua. Baba aliutumia muda ule wa nyongeza kuandika. Mama aliutumia kulea.

Hatua ya 2: Mpe data kabla ya kumpa fedha

Wasimamizi wengi hukimbilia kumtafutia ruzuku ya kukusanya data mpya. Subiri kwanza. Kuna data ya Tanzania inayopakuliwa bure na haijachambuliwa hata nusu.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza mwaka 2008/09 kufuatilia kaya 3,265 nchi nzima, ikawarudia watu walewale mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Humo mna mashamba, matumizi, biashara ndogondogo, afya na elimu. Anajisajili tu kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia.

Na ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, kuna hazina ambayo dunia ya uchumi inaijua kuliko sisi wenyewe. Utafiti wa kaya za Kagera ulianza 1991 hadi 1994 ukiwa na kaya zaidi ya 900, watu wakatafutwa tena 2004, kisha 2010, hata waliohamia Mwanza, Dar es Salaam au Uganda. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliitumia kuonyesha kwamba ndani ya familia moja, aliyehama kijiji chake cha awali aliona matumizi yake yakikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu yake aliyebaki. Mpe binti kazi hiyo: apakue data, ajenge upya jedwali kuu la makala ile, namba kwa namba. Zikigoma kufanana atalazimika kujua kwa nini. Hapo ndipo atajifunza kusafisha data, kuunganisha mafaili ya kaya na ya mtu binafsi, na kushughulikia waliopotea njiani. Hakuna kozi inayofundisha hivyo.

Vifaa: R, programu ya kuchambua takwimu, ni ya bure. Kwa madodoso ya simu, KoboToolbox ipo, na Survey Solutions ya Benki ya Dunia ni ya bure pia. Stata, programu ya takwimu ya kulipia, ni nzuri, ila kama idara haina leseni usimfundishe kutumia ya kuchakachua. Majarida mengi siku hizi yanataka msimbo wote, yaani amri za kompyuta zilizotoa matokeo, uwasilishwe pamoja na makala. Bando na mafuta ya jenereta viweke kwenye bajeti ya mradi. Wasaidizi wengi wanalipia mfukoni na hawasemi.

Tena mfundishe kupanga mafaili tangu siku ya kwanza: folda ya data ghafi isiyoguswa na mtu, folda ya data safi, folda ya skripti zenye namba kwa mfuatano, folda ya matokeo. Ukifungua kompyuta yake ukakuta "final_mwisho_kabisa2", mrudishe. Siku mhariri atakapoomba jedwali la 3 lirudiwe bila Ukerewe, itakuwa kazi ya dakika 5 badala ya wiki 2.

Hatua ya 3: Swali litoke mwaloni

Usimpe swali lako lililokushinda. Mtoe ofisini, mwende wote soko la samaki la Kirumba Mwaloni saa 12 asubuhi, umwache aulize. Baada ya saa moja atarudi na maswali matano, na manne yatakuwa bora kuliko yaliyomo kwenye pendekezo lako la utafiti.

Baadhi yamelala tu hapo yanasubiri mtu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Katika kipindi kile vikundi vya akina mama viliponea wapi? Kwenye vikoba, au kwa kausha damu, mikopo ile ya riba kubwa? Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 mahali ambapo magari yalikuwa yakipanga foleni ya pantoni. Bei za nyanya na samaki sokoni Sengerema zimekaribiana kiasi gani na za Mwanza? Swali la daraja kila mtu analiona, kwa hiyo mwenye daftari la bei za tangu kabla ya ufunguzi ndiye mwenye makala.

Akidhani maswali ya soko dogo hayafiki mbali, mwonyeshe Bumala, kaunti ya Busia, upande wa Kenya. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wachuuzi wa kike na waendesha bodaboda za baiskeli wa pale akaunti za akiba zisizo na riba, tena zenye makato ya kutoa pesa. Wanawake waliweka akiba hata hivyo na mitaji yao ikakua. Kwa waendesha baiskeli hakikuonekana cha maana. Makala ile, iliyotoka 2013, inasomwa madarasani dunia nzima.

Hatua ya 4: Uwandani

Hapa ndipo anapojengeka au anapovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vibali kwanza. Mtafiti wa chuo hubeba barua ya Makamu Mkuu wa Chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anashuka nayo wilayani, halmashauri, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kila ngazi ina mhuri wake na kila mhuri una siku zake. Maswali yakigusa afya, ongeza kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Yakiwa na majina na namba za simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Mara ya kwanza tangulia kupiga simu wewe. Si kwamba hawezi kujieleza. Ni kwamba mtendaji akimwona binti mlangoni atauliza "mkubwa wako yuko wapi?", na hapo siku nzima imekwenda.

Pili, kalenda ya dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Siku za giza wavuvi wako majini, na alfajiri akina mama wanaokausha dagaa wanagombea ndoo mwaloni. Siku za mbalamwezi nyavu zinashonwa na watu wako majumbani. Sasa dodoso linauliza: "Mwezi uliopita ulipata shilingi ngapi?" Mama wa Igombe anamtazama mdadisi: "Siku zipi, mwanangu, za giza au za mbalamwezi?" Kama dodoso halina pa kuandikia jibu hilo, takwimu za kipato hazina kazi. Kijiji kilichotembelewa wakati wa giza kitaonekana tajiri, jirani yake aliyefikiwa wiki 2 baadaye ataonekana hohehahe, na regresheni, ile hesabu ya kupima uhusiano, itakuta "athari" ya mradi wako ambayo haipo. Apange mizunguko ili kila kijiji kifikiwe nyakati zote mbili, au aandike tarehe ya kila mahojiano na kuingiza umri wa mwezi kwenye uchambuzi. Mhariri aliyeko Chicago hawezi kumfundisha hili. Akilieleza vizuri kwenye sehemu ya mbinu, makala yake itasomeka kama ya mtu anayeijua kazi.

Vivyo hivyo vipimo. Ndoo ya dagaa wabichi na ndoo ya dagaa wakavu hazifanani uzito hata kidogo, na sado ya soko hili si lazima ilingane na ya soko lile. Anunue mizani, apime ndoo kadhaa katika kila mwalo, bichi na kavu, atengeneze jedwali la kubadilisha vipimo kuwa kilo. Wadadisi watanung'unika kubeba mizani. Waache wanung'unike.

Tatu, nani yupo wakati wa kuuliza. Mama akiulizwa akiba yake ya kikoba mbele ya mumewe, atasema hana. Hapa mdadisi wa kike ni sharti la ubora wa data kabisa, na ni nafasi nzuri ya binti wako kuunda timu yake mwenyewe na kuifundisha. Ahoji wanandoa kila mmoja peke yake, wadadisi wawili kwa wakati mmoja, mmoja uani na mwingine barazani.

Nne, masurufu yawe kwa jina lake. Akipewa ayashike, alipe posho na nauli, kisha ayarejeshe kwa risiti, kesho ataweza kuandika bajeti ya mradi wake. Nimeona miradi ambayo mwanamke anaongoza utafiti wote kijijini huku pesa iko mfukoni mwa dereva. Wadadisi wanajua haraka sana bosi ni yupi.

Tano, usalama. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa. Kilikuwa kimebeba kupita uwezo wake. Weka siku za akiba kwenye ratiba ya visiwani ili mtu asipande chombo kilichojaa kwa kuogopa kukuchelewesha. Jaketi okozi zinunuliwe na mradi, wasitegemee za mwenye mtumbwi. Wanawake walale wawili wawili, nyumba ya kulala wageni ikaguliwe kabla, na isiwe ile yenye baa chini. Kama mtafiti ananyonyesha, nauli na malazi ya msichana anayemlelea mtoto ni gharama halali ya mradi. Mfadhili akihoji, muulize na gari mnakodi la nini.

Hatua ya 5: Jina

Kabla kazi haijaanza, kaeni muandike ukurasa mmoja: nani mwandishi, nani wa kwanza, nani anashukuriwa tu, na nini kitabadilisha mpango huo. Wote mtie sahihi.

Uchumi una desturi yake hapa: waandishi hupangwa kwa alfabeti. Kwa hiyo msomaji hawezi kujua aliyefanya kazi ni nani, anakisia, na akikisia humpa mkubwa au mwanaume. Heather Sarsons alilichunguza hili kwa wachumi wa Marekani. Makala ya peke yake ilimsaidia mwanamke kupata ajira ya kudumu sawasawa na ilivyomsaidia mwanaume. Makala ya pamoja ilimsaidia mwanaume vilevile, ila mwanamke alipata sehemu ndogo tu ya sifa, hasa aliposhirikiana na wanaume.

Kwa hiyo, walau makala moja ya mwanzo awe nayo peke yake, hata kama ni fupi na jarida si kubwa. Kwenye zile za pamoja, yeye ndiye akaziwasilishe mikutanoni. Na ukialikwa redioni kuelezea matokeo aliyoyapata yeye, mtume yeye.

Hatua ya 6: Semina na wasomaji

Semina za wachumi ni kali, na mimi sioni tatizo na ukali. Tatizo ni unavyogawanywa. Mwaka 2021 Pascaline Dupas, Alicia Modestino, Muriel Niederle na Justin Wolfers walitoa matokeo ya kuhesabu maswali kwenye semina mamia: wanawake waliulizwa maswali mengi kuliko wanaume, na mengi zaidi yakawa ya kudharau au ya kishari. Weka kanuni mbili. Dakika 10 za kwanza hakuna swali isipokuwa la kufafanua. Baada ya hapo mwenyekiti anagawa zamu, na anayeanza na "mimi ninavyojua" anapewa dakika moja. Kanuni ziwe za wote, usizitangaze siku anayowasilisha yeye.

Semina ya pili, ambayo vyuo vingi huisahau, ni ya mwaloni: arudi kwa viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, na akina mama waliomjibu, awaonyeshe matokeo kwa Kiswahili, bila slaidi. Watamrekebisha kwa adabu na bila huruma.

Kuhusu rasimu: msomee ndani ya siku 14 au mwambie hutasoma. Rasimu inayokaa kwako miezi mitatu imeuawa. Kwa kuwa huwezi kumsomea kila kitu, mkusanye yeye na wenzake wanne au watano kutoka vyuo vingine vya mjini, wasomeane kila baada ya wiki 2. Si kwamba ni hisani tu. Chama cha wachumi wa Marekani kilipanga kwa bahati nasibu wanawake gani waingie kwenye mafunzo yake ya ulezi wa kitaaluma, na tathmini iliyotoka 2010 ikaonyesha walioingia walichapisha zaidi na kupata ruzuku zaidi kuliko waliokosa.

Hatua ya 7: Mlango wazi

Fupi lakini lisirukwe. Vikao vya usimamizi vifanyike ofisini, saa za kazi, mlango wazi, na yaliyokubaliwa yatumwe kwa barua pepe siku hiyohiyo. Si hotelini, si "njoo nyumbani Jumapili". Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Hakikisha anaijua, na anajua dawati la jinsia la chuo liko chumba gani. Akikuletea shauri, usianze kwa kumuuliza alivaa nini.

Hatua ya 8: Mtume nje, na barua yako iwe ya kazi

AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika wenye makao Nairobi tangu 1988, hutoa ruzuku za utafiti kwa wachumi wa Afrika na kuwapitisha kwenye warsha zake. PEP, mtandao wa watafiti wa sera za uchumi, nayo ya Nairobi, hufadhili timu za watafiti wa nchini pamoja na walezi. Kituo cha CEGA cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huchukua watafiti wa Afrika Mashariki kwa muhula mmoja. Mpangie kalenda ya maombi ya mwaka mzima, si lile moja uliloliona kwenye kundi la WhatsApp usiku wa mwisho.

Kote huko ataombwa barua yako. Markus Eberhardt, Giovanni Facchini na Valeria Rueda walisoma barua za namna hii za soko la ajira la wachumi, wakakuta wanawake wanasifiwa zaidi kwa bidii, wanaume kwa kipaji. Fungua ya mwisho uliyomwandikia mwanamke uhesabu "mchapakazi", "mtiifu", "anashirikiana vizuri". Zifute. Andika alichogundua: kwamba aliona tofauti ya vipato vya dagaa kati ya giza na mbalamwezi kabla ya mtu yeyote kwenye timu, kwamba alijenga jedwali la vipimo linalotumiwa sasa na miradi mingine, kwamba msimbo wake unaendeshwa mwanzo hadi mwisho bila kugoma. Taja makala, taja swali, sema ni wa ngapi kati ya wote uliowasimamia. Ipakie siku 2 kabla ya mwisho, maana usiku wa mwisho tovuti za maombi huzidiwa, na umeme wetu nao una ratiba zake.